Adhabu za kuwashambulia wahudumu wa afya (Kasese na Bwera)

Anayempiga muuguzi, mkunga au daktari katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hushtakiwa kwa Sheria ya Kanuni ya Adhabu, sawa na waliopigana sokoni. Sheria hiyo haina kosa la pekee kwa ajili ya wahudumu wa afya. Shambulio la kawaida lina kifungo kisichozidi mwaka 1. Likisababisha majeraha, miaka 5. Madhara makubwa ya mwili, miaka 7. Hakimu anaruhusiwa pia kuwapatanisha wahusika wa shambulio dogo, mshtakiwa akalipa fidia na kesi ikaisha. Upatanisho una heshima yake kwa majirani, ila humgeuza muuguzi aliyepigwa kazini kuwa mtu mwenye ugomvi wake binafsi. Hata ushahidi humrudia: fomu ya polisi namba 3, inayoeleza majeraha, hujazwa na mganga, na katika hospitali ndogo mganga huyo huenda ni mwenzake wa zamu.

Wilayani humo, hospitali ya serikali ya Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe, ambako Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu, na huvukiana kwa biashara na misiba. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo alipokelewa katika hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera na kufariki huko kwa Ebola. Bibi yake na mdogo wake nao walifariki siku chache baadaye. Ng'ambo ya mpaka, vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa Februari mwaka huohuo, na tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo. Mashambulizi hayo yalikwamisha chanjo na ufuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa, na virusi vikapata nafasi ya kuenea. Hasara ya namna hiyo ni kubwa kuliko kidonda chochote, lakini adhabu za shambulio hupangwa kwa kidonda.

Kwingineko sheria imebadilishwa: Uingereza ilitunga mwaka 2018 kosa la pekee la kuwashambulia watoa huduma za dharura, wakiwemo wa afya. India ilikwenda mbali zaidi mwaka 2020, wakati wa korona: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, au miezi 6 hadi miaka 7 kwa madhara makubwa, na anayeharibu mali ya huduma hulipa mara mbili ya bei yake sokoni.