Nani alisoma hiyo hadithi?

Wasee wa Thika Road, wacha leo tuongee kuhusu hadithi mbili zilizozimwa. Moja ilizimwa na serikali, ingine ikazimwa na wasomaji wenyewe. Ukiniuliza mimi, hiyo ya pili ndiyo inatisha zaidi.

Sisi watu wa Kiambu tumezoea ile ya serikali. Mwaka 1977 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, ulipigwa marufuku pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na kabla mwaka uishe Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameshawekwa kizuizini.

Tarehe 27 Aprili 2018 ikawa zamu ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Huyu ndiye alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya kisayansi kuhusu dunia iliyoishiwa na maji. (Watu wa Ruiru, najua mtasema hiyo si ya kubuni.) Rafiki ni ya wasichana wawili, Kena na Ziki, wanaopendana huku baba zao wakigombania kiti kimoja cha siasa. Imetokana na Jambula Tree, hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Yaani wasichana wapigwe, watenganishwe, hiyo ni sawa, bora tu mwishoni wajute! Alikataa.

Lakini Kahiu alikuwa na mlango wa kubisha. Alienda kortini, na Septemba 21 Jaji Wilfrida Okwany akaruhusu watu wazima waitazame kwa siku 7, ndiyo itimize masharti ya Oscar. Kutoka Thika ilikuwa ni matatu ya 237 hadi tao, halafu ingine hadi Prestige, Ngong Road, na ukumbi ulijaa. Oscar yenyewe Kenya ikapeleka Supa Modo. Siku 7 zikaisha, Rafiki ikafungiwa tena, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakataa kuifungua.

Sasa hiyo ingine. Januari 2020 jarida la Marekani, Clarkesworld, lilichapisha hadithi ya kubuni ya kisayansi ya mwandishi mgeni, Isabel Fall. Ndani yake jeshi la Marekani limechukua jinsia ya rubani mwanamke na kuigeuza: jinsia yake sasa ni helikopta ya vita. Kichwa cha hadithi kilitokana na mzaha ambao watu mtandaoni hutumia kuwakejeli transjenda.

Hapo ndipo balaa ilianza. Kuna watu walisoma kichwa tu, wakaamua mwandishi ni adui anayejificha. Wengine walishika mwaka wake wa kuzaliwa, 1988, ati hiyo 88 ni ishara ya Wanazi. Hebu fikiria. Baadhi ya waliokasirika walikuwa transjenda wenyewe, watu waliochomwa na huo mzaha kwa miaka mingi, kwa hivyo hasira yao naielewa. Shida ni kwamba Fall pia alikuwa mwanamke transjenda, na hakuwa amejitangaza. Ili watu wamwamini angelazimika kujianika mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimrushia mawe. Aliomba hadithi iondolewe, na mhariri Neil Clarke akaiondoa. Fall akaishia kulazwa hospitalini akiwa na mawazo ya kujiua.

Siku 7 za Kahiu zilikuwa kidogo, lakini alizipata kwa sababu aliyemfungia alikuwa na ofisi, na anayeweza kuitwa mbele ya jaji. Umati hauna karani wa kupokea rufaa. Bodi iliyoikata Rafiki angalau ilikuwa imeitazama hadi mwisho, ndiyo maana ikaulalamikia.

Mwaka 2021 hadithi ya Fall iliingia kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo za Hugo. Iliingia kwa kichwa kingine, Helicopter Story, na jina la Isabel Fall mwenyewe alikuwa ameshaliweka kando.