Suchitra Sen: Nyota wa filamu za Kibengali aliyejitenga na dunia kwa miaka 35

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2014, mwigizaji Suchitra Sen alifariki dunia kwa mshtuko wa moyo katika hospitali moja mjini Kolkata, India, akiwa na umri wa miaka 82. Serikali ya jimbo la Bengal Magharibi ilimwandalia mazishi ya heshima, na risasi zikapigwa hewani kabla ya mwili wake kuchomwa kwa desturi ya Kihindu. Hata hivyo, umati uliojipanga barabarani haukuuona uso wake. Gari lililoubeba mwili lilikuwa na vioo vyeusi, kama yalivyokuwa matakwa ya mwanamke ambaye tangu mwaka 1978 hakutaka kuonekana hadharani.

Kwa Wabengali wa India na wa Bangladesh, Suchitra Sen ndiye kipimo ambacho waigizaji wa kike waliomfuata wamepimwa nacho. Aliigiza katika filamu zipatazo 60, nyingi zikiwa za lugha ya Kibengali. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako majumba ya sinema yalijaa watazamaji wa filamu za Kihindi, jina lake halikuvuma sana, kwa kuwa kazi yake kubwa aliifanya katika lugha ya nyumbani kwao.

Binti wa Pabna

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1931 katika eneo la Pabna, wakati huo likiwa sehemu ya Bengal iliyotawaliwa na Waingereza. Leo Pabna ni mji wa Bangladesh. Wazazi wake, Karunamoy Dasgupta na Indira Devi, walimwita Roma. Alisoma katika shule ya wasichana mjini humo na kukulia katika familia ya tabaka la kati.

Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, na Bengal ikakatwa vipande viwili. Upande wa magharibi ulibaki India, na ule wa mashariki ukawa sehemu ya Pakistan. Mamilioni ya watu walivuka mpaka huo mpya kwa nyakati mbalimbali, Wahindu wengi wakielekea magharibi na Waislamu wengi wakielekea mashariki. Familia ya Dasgupta ilikuwa miongoni mwa zile zilizoiacha Pabna na kuhamia India.

Mwaka huohuo wa 1947, Roma aliolewa na Dibanath Sen, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa Calcutta, kama Kolkata ilivyoitwa wakati huo. Walijaaliwa binti mmoja, Moon Moon Sen, ambaye naye alikuja kuwa mwigizaji, na baadaye mbunge. Wajukuu wake wawili, Raima na Riya, pia wamefuata njia hiyo ya filamu.

Kutoka Roma hadi Suchitra

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba aliingia katika filamu akiwa tayari ni mke wa mtu. Katika jamii ya wakati ule, msichana wa nyumba ya heshima hakutarajiwa kusimama mbele ya kamera, achilia mbali aliyekwisha kuolewa. Lakini familia ya mumewe ilimuunga mkono, na mwaka 1952 akaigiza filamu yake ya kwanza, Shesh Kothay, akitumia jina jipya la Suchitra. Filamu hiyo haikutolewa.

Mwaka uliofuata ulifuta mkosi huo. Mwaka 1953 alionekana katika filamu kadhaa, ikiwemo ya kidini iliyosimulia maisha ya mtakatifu Chaitanya, ambamo aliigiza mke wa mtakatifu huyo. Nyingine ilikuwa Sharey Chuattor ya mwongozaji Nirmal Dey, filamu ya kuchekesha kuhusu wapangaji wa nyumba moja ya wageni. Humo ndimo alimokutanishwa kwa mara ya kwanza na kijana ambaye bado alikuwa akihangaika kutafuta nafasi yake: Uttam Kumar.

Wawili wasiosahaulika

Mwaka 1954 filamu ya Agni Pariksha iliwapandisha wote wawili hadi kileleni. Kuanzia hapo hadi katikati ya miaka ya 1970, Suchitra Sen na Uttam Kumar walishiriki pamoja katika filamu 30. Nyimbo za filamu hizo, nyingi zikiimbwa na Sandhya Mukherjee kwa niaba ya Suchitra na Hemanta Mukherjee kwa niaba ya Uttam, bado zinapigwa redioni pande zote mbili za mpaka.

Mafanikio hayo yalikuwa na sababu zake. Calcutta ya miaka ya 1950 ilikuwa imefurika wakimbizi kutoka mashariki. Koo zilikuwa zimetawanyika, na vijana walikuwa wakitafuta kazi na makazi. Filamu za wawili hao ziliwaonyesha mwanamume na mwanamke waliochaguana wenyewe, wakipingwa na wazazi, ukabila wa tabaka au umaskini, na mwishowe wakaipata nyumba yao. Watazamaji waliopoteza nyumba zao walikuwa na sababu ya kuzirudia filamu hizo mara mbili na mara tatu.

Suchitra hakukubali kuwa kivuli cha mwenzake. Inaelezwa kwamba alidai jina lake litangulie la Uttam Kumar katika matangazo ya filamu, jambo lisilo la kawaida kwa mwigizaji wa kike wa zama hizo, naye akakubaliwa.

Wanawake aliowaigiza

Thamani ya kazi yake inaonekana zaidi katika filamu ambazo mapenzi hayaishii kwa furaha. Katika Deep Jwele Jai ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Asit Sen, aliigiza muuguzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari wake anamwagiza ajifanye kumpenda mgonjwa aliyevunjwa moyo na mwanamke, ili mapenzi hayo ya kuigiza yawe dawa. Mgonjwa anapona na kwenda zake. Muuguzi, ambaye mapenzi yake hayakuwa ya kuigiza, anaishia kuwa mgonjwa katika hospitali ileile aliyoitumikia. Filamu hiyo ilitengenezwa tena kwa Kihindi mwaka 1969 kwa jina la Khamoshi.

Katika Saptapadi ya mwaka 1961, iliyotokana na riwaya ya Tarashankar Bandyopadhyay, alikuwa Rina Brown, msichana Mkristo mwenye asili ya Kiingereza na Kihindi anayependana na mwanafunzi wa udaktari kutoka ukoo wa Kibrahmani. Humo wapenzi hao wanaigiza jukwaani kipande cha Othello cha Shakespeare, na watazamaji wa Bengal bado wanakikumbuka.

Kilele kilikuwa mwaka 1963. Katika Saat Pake Bandha ya Ajoy Kar, Suchitra aliigiza Archana, msomi wa familia yenye uwezo anayeolewa na mwalimu wa chuo asiye na mali. Mama mzazi wa mke haachi kuingilia, na ndoa inavunjika polepole huku wenyewe wawili bado wakipendana. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Fedha ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la kimataifa la filamu la Moscow. 

Mwaka huohuo, katika Uttar Falguni, alibeba nafasi mbili kwa wakati mmoja: mama anayeimba na kucheza kwa wanaume ili aishi, na binti yake aliyelelewa mbali bila kujua siri hiyo, ambaye anakuwa mwanasheria. Filamu hiyo nayo ilirudiwa kwa Kihindi mwaka 1966 kwa jina la Mamta, na Suchitra mwenyewe ndiye aliyezirudia nafasi zote mbili.

Filamu iliyopigwa marufuku

Katika filamu za Kihindi alifanya kazi chache lakini zenye uzito. Mwaka 1955 aliigiza Paro katika Devdas ya Bimal Roy, akiwa pamoja na Dilip Kumar. Mwaka 1960 alishirikiana na Dev Anand katika Bombai Ka Babu.

Iliyozua mjadala mkubwa zaidi ni Aandhi ya mwongozaji Gulzar, iliyotolewa mwaka 1975. Suchitra aliigiza Aarti Devi, mwanasiasa anayekutana tena na mumewe waliyetengana miaka mingi, ambaye sasa anaendesha hoteli. Mavazi yake, mwendo wake na mvi zilizopita katika nywele zake viliwakumbusha wengi Waziri Mkuu wa wakati huo, Indira Gandhi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa nchini India mwezi Juni mwaka huo, filamu hiyo ilizuiwa kuonyeshwa. Ilirejea katika majumba ya sinema baada ya uchaguzi wa 1977, ambao Indira Gandhi alishindwa na chama cha Janata kikaingia madarakani.

Alikuwa pia mtu wa kukataa. Mwongozaji mashuhuri Satyajit Ray alimtaka kwa filamu ya Devi Chaudhurani, kwa sharti kwamba asifanye kazi nyingine katika kipindi hicho. Suchitra hakukubali sharti hilo, na Ray akaiacha kabisa filamu hiyo. Mwaka 1974 hadithi hiyohiyo ilitengenezwa na mwongozaji mwingine, Dinen Gupta, naye Suchitra akiwa mhusika mkuu.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1978 ilitolewa Pronoy Pasha, aliyoigiza pamoja na Soumitra Chatterjee. Haikufanya vizuri, na baada ya hapo Suchitra Sen aliachana na filamu. Hakufanya sherehe ya kuaga wala kutoa maelezo kwa waandishi wa habari. Alibaki katika makazi yake ya Ballygunge, Kolkata, akiutumia muda wake mwingi katika ibada, akiwa karibu na jumuiya ya kidini ya Ramakrishna Mission. Uttam Kumar alipofariki dunia mwezi Julai 1980, alikwenda usiku kutoa heshima zake za mwisho.

Magazeti yalimlinganisha na Greta Garbo, mwigizaji wa Sweden aliyetamba Hollywood kisha akajitenga. Wapiga picha walimvizia kwa miaka mingi. Mwaka 1972 alikuwa amepokea nishani ya taifa ya Padma Shri, lakini baadaye hata heshima hazikumtoa nyumbani. Inaripotiwa kwamba mwaka 2005 aliikataa tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo ya juu kabisa katika filamu nchini India, kwa kuwa ingemlazimu kwenda Delhi kuipokea mbele ya umma. Mwaka 2012 serikali ya Bengal Magharibi ilimtunuku nishani ya Banga Bibhushan, na binti yake ndiye aliyeipokea.

Nyumba iliyobaki ng'ambo ya mpaka

Baada ya vita vya India na Pakistan vya mwaka 1965, filamu za India zilipigwa marufuku nchini Pakistan, ikiwemo sehemu yake ya mashariki, ambayo mwaka 1971 ilijipatia uhuru kama Bangladesh. Kwa hiyo watu wa Pabna walizuiwa kumwona katika majumba ya sinema binti aliyekulia kwao.

Nyumba ya familia yake mjini humo iliangukia mikononi mwa serikali, na katika miaka ya 1980 ikakodishwa kwa taasisi moja ya elimu. Wakazi na wapenzi wa sanaa waliandamana na kwenda mahakamani wakitaka ihifadhiwe. Kesi hiyo ilifika hadi mahakama ya juu ya Bangladesh, iliyoamua kwa manufaa yao mwaka 2014. Wapangaji waliondolewa miezi michache baada ya mwenye jina lake kufariki dunia, na nyumba hiyo ikageuzwa kuwa makumbusho.

Hivyo Roma Dasgupta, aliyeondoka Pabna wakati nchi yake ikikatwa vipande viwili, ana nyumba pande zote mbili za mpaka huo. Ile ya Kolkata aliifungia wageni kwa hiari yake hadi mwisho. Ile ya Pabna iko wazi, na picha za uso ambao waombolezaji wa Januari 2014 hawakuruhusiwa kuuona zimetundikwa ukutani.