Pilipili, Kwenu ni Wapi?

Wayoruba wana mchuzi wa pilipili wanaouita ata dindin. Ata ni pilipili, din ni kukaanga, kwa hivyo jina lenyewe limeshakupa nusu ya maelekezo. Huliwa na wali, na ukiukosea kipimo utakunywa maji usiku kucha. Mimi huupika hapa Nakuru, na kila nikiwapakulia wageni, lazima mmoja aulize: "Hii sasa ni chakula ya wapi?" Jibu fupi ni Nigeria. Jibu refu ndilo nataka kuliandika hapa, kwa sababu katika mji huu swali la kwenu ni wapi limewahi kuwa swali la kufa na kupona.

Nilifundishwa na mama mmoja mzaliwa wa Abeokuta, aliyekuwa jirani yetu kwenye ploti kwa miaka kadhaa. Kwao, alituambia, mchuzi huu huanza na tatashe, pilipili nyekundu nene isiyo kali sana, pamoja na ata rodo, ile ndogo ya mviringo yenye makunyanzi ambayo moto wake si wa mchezo. Mahali pa tatashe tuliweka hoho nyekundu za sokoni. Ata rodo nayo, kumbe ni ile ile watu wa Pwani wanayoiita pilipili mbuzi. Unazisaga pamoja na vitunguu, lakini zisilainike kama uji, zibaki na chengachenga. Unazichemsha bila mafuta mpaka maji yakauke. Kisha unatia mafuta kwenye sufuria nyingine, mengi, usione huruma, unakaanga vitunguu, unaongeza pilipili, halafu unakaa hapo na mwiko wako kwa moto mdogo. Usiondoke kwenda kuangalia simu. "Mafuta yakipanda juu, umepika," mama alikuwa akisema. "Yasipopanda, umechemsha tu."

Badala ya kamba wakavu wa kwao alitumia omena wa Ziwa Victoria, waliokaushwa kwa moto na kusagwa. Kitu kimoja tu hakukipatia mbadala: iru, zile mbegu zilizochachushwa za mti unaoota katika savana za Afrika Magharibi. Hiyo ilikuja kwenye sanduku la safari, na siku ikifika ploti nzima ilijua kwa harufu.

Sasa tuulize kila kitu kilicho ndani ya sufuria kimetoka wapi.

Tuanze na pilipili. Kali na zisizo kali, kichaa na hoho, zote asili yake ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hakukuwa na mtu Afrika, Asia wala Ulaya aliyekuwa amezionja. Baadaye zilisafiri kwa njia za biashara za Wareno, ambao meli zao zilikuwa zikitia nanga Afrika Magharibi na pia huku kwetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498 akielekea India. Ata rodo yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1776 mtaalamu wa mimea Nikolaus von Jacquin aliipa jina la kisayansi Capsicum chinense, yaani ya Uchina, akidhani ilitoka huko. Haikutoka huko, asili yake ni maeneo ya Amazon. Lakini jina limeshikilia hadi leo. Ni kama mtu aliyeandikiwa kitambulisho chenye makosa, na hakuna ofisi ya kwenda kukirekebisha.

Waswahili na Wayoruba, bila kushauriana, walimpokea mgeni huyu kwa namna moja: walimpa jina la mtu wa nyumbani. Neno pilipili ni la zamani kuliko pilipili tunazokula leo. Mzizi wake uko India, katika neno pippali la Kisanskriti, nalo lilitufikia kupitia lugha za Uajemi na Uarabuni pamoja na biashara ya viungo. Ndiyo maana ile nyeusi ya chai na pilau bado tunaiita pilipili manga, Manga ikiwa ni Uarabuni. Wayoruba nao walikuwa na atare, mbegu kali za Afrika Magharibi zinazotumika mpaka leo katika dua na sherehe za kumpa mtoto jina. Tangawizi huiita ata ile, pilipili ya ardhini. Basi mgeni kutoka ng'ambo akaingia, akapewa jina na kiti, na leo ukisema ata Abeokuta au pilipili Nakuru, yeye ndiye anayeitika kwanza.

Mafuta ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Ungedhani mchuzi wa Nigeria uliopikwa Kenya utakuwa na asili ya Afrika mahali fulani, na kweli, mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi. Lakini mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na kutoka hapo na kwingine kilimo chake kikaenea Asia Kusini-Mashariki. Leo sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia ya Kenya, hata yale ya kupimiwa kwenye kibanda, ni mawese yaliyosafishwa ambayo yameletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Yaani kitu kikubwa chenye asili ya Afrika ndani ya sufuria yangu kimezunguka dunia na kushukia Mombasa kama bidhaa ya kigeni. Vitunguu navyo mara nyingi ni vya Tanzania, vimepitia Namanga.

Wali je? Mchele ninaoupenda ni pishori ya Mwea. Jina pishori linatokana na Peshawar, mji wa Pakistan ya leo. Na mashamba ya Mwea yalianza kuchimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau waliozuiliwa huko. Mchele wenye jina la Peshawar, ulioanzishwa na watu waliofungwa kwa kudai ardhi yao, ndio tunaoupika Krismasi tukasema sasa huu ndio mchele wetu. Na ni wetu kweli.

Hata ukitupa mchuzi na wali ukarudi kwenye ugali, hujafika nyumbani. Mahindi pia ni ya Amerika. Babu za babu zetu walisonga mtama na wimbi.

Mji wenyewe haukuanza tofauti. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na waliobaki nchini, pamoja na wafanyabiashara waliofuata, ndio waliotuzoesha chapati na masala. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka eneo la Naivasha na Nakuru kwenda Laikipia ili walowezi wapate mashamba. Mashamba yakahitaji wafanyakazi, nao wakaja kutoka kila upande. Kabla ya hao wote kulikuwa na wengine: pale Hyrax Hill, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, kuna mabaki ya vipindi mbalimbali vya makazi, na wale wa kale zaidi hakuna mwanasiasa anayewaombea kura. Anayehesabu wenyeji na wageni huanza kuhesabu kutoka mwaka unaomfaa yeye.

Mwishoni mwa Januari 2008 hesabu hiyo ilifanywa kwa panga. Ghasia za baada ya uchaguzi zilifika Nakuru, kisha Naivasha. Nchi nzima, Tume ya Waki ilirekodi vifo 1,133. Kwenye vizuizi vya barabarani vijana waliitisha vitambulisho, wakasoma jina na wilaya, wakaamua. Fundi mmoja wa cherehani mtaani kwetu, aliyezaliwa Nakuru na baba aliyezaliwa Nakuru, aliambiwa arudi kwao. Usiku huo yeye na familia yake walilala kwetu. Kesho yake jirani yetu wa Abeokuta, mwenye pasipoti ya Nigeria, alitoka kutafuta mchele. Alipita kizuizi akienda, akapita tena akirudi, na hakuulizwa kitu zaidi ya "Mathe, umebeba nini?"

Akapika kama kawaida yake. Watoto wa fundi walishindwa na ukali, wakapewa wali na maziwa. Wakubwa walikula kimya. Siku ya tatu familia ile ilipanda lori kwenda uwanja wa maonyesho ya kilimo, uliokuwa umegeuka kambi. Cherehani ilibaki kwetu. Fundi alikuja kuichukua mwezi wa tano, akahamia nayo Ol Kalou.

Nimefikiria sana kuhusu wiki ile nikikoroga sufuria. Tunasema kuku wa kienyeji, mboga za kienyeji, na tunalipa zaidi kwa ajili ya neno hilo. Lakini ukienyeji wa ata dindin hauko kwenye mbegu. Mbegu ni za Amazon, na Wayoruba hawakuwahi kusema vingine ili mchuzi uwe wao. Ni wao kwa sababu vizazi na vizazi vya akina mama walikaa na moto huo mdogo, wakajua ni lini maji yamekauka na ni lini mafuta yamepanda, wakamfundisha anayefuata. Fundi naye, nusu ya watoto wa mtaa wetu walikuwa wamevaa sare za shule alizoshona yeye. Sijui kama kuna hati ya ardhi inayoshinda hiyo.

Kwa hivyo mgeni wangu akiuliza ni chakula ya wapi, nitamjibu ni cha Wayoruba. Akiniuliza tena nimejuaje, nitampa mwiko. Mafuta hayajapanda bado, na kuna kazi ya kama nusu saa.