Safari za Watawala katika Nchi ya Bugoyi

Bugoyi, nchi ya udongo wa volkeno ukingoni mwa Ziwa Kivu ambamo mji wa Gisenyi ulikuja kujengwa, ilikuwa mbali na kitovu cha ufalme wa Rwanda, na kwa muda mrefu mamlaka ya huko yalishikwa na abakonde, yaani wakuu wa koo zilizofyeka msitu na kumiliki ardhi kwa haki ya kuwa za kwanza kuilima. Kigeli IV Rwabugiri, aliyetawala tangu takriban mwaka 1867 hadi 1895, hakuridhika kuwatawala watu wa namna hiyo kwa wajumbe. Hakuwa na mji mkuu mmoja, bali alihamahama baina ya makao mengi ya kifalme, yakiwemo Rubengera kusini mwa Bugoyi na Kageyo katika Kingogo, na mara nyingi alimwachia mmoja wa wake zake makao hayo ayasimamie, ili amri yake isiondoke pamoja na msafara. Huko Kageyo ndiko Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alikomkuta mwaka 1894, kabla ya kuendelea hadi Ziwa Kivu.

Ujio wa mfalme ulikuwa heshima kwa wenyeji, lakini haifai kusahau kwamba ulikuwa pia mzigo mzito, kwa maana waliotembelewa ndio waliolisha msafara na majeshi yake, mbali na amakoro, ambayo ni kodi ya mazao na mali waliyopaswa kuitoa kila msimu. Rwabugiri mwenyewe alifariki mwaka 1895 akiwa ziwani, katika vita dhidi ya ufalme wa Bushi. Mfalme wa baadaye, Yuhi V Musinga, hakuhamahama bali alituama Nyanza tangu mwaka 1899, na wakoloni wakaweka kituo chao Gisenyi, hivyo mkulima wa Bugoyi akazoea kumwona ofisa wa kigeni zaidi kuliko mfalme wake.

Katika zama za jamhuri desturi ya mtawala kuwazuru wananchi imerudi kwa sura nyingine. Rais Paul Kagame alizuru Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, Mei 2019, na tena Mei 2023, baada ya mto Sebeya kufurika na mafuriko na maporomoko ya ardhi kuua zaidi ya watu 130 nchini. Katika mikutano ya hadhara ya ziara za namna hii mwananchi hushika kipaza sauti na kueleza shida yake, na mawaziri au viongozi wa wilaya hutakiwa kujibu papo hapo, hadharani, mbele ya watu wanaowaongoza.