Mwenye Nyumba Asiye na Ardhi: Funzo la Nyumba za Kuhamishika Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, nyumba ya kuhamishika husajiliwa kwa hati ya aina ile ile itolewayo kwa gari. Jambo hili laonekana dogo, la kiofisi tu. Lakini humo ndimo ilimostawi biashara ya kununua nyumba hizo zikiwa kuukuu, kuzikarabati na kuziuza tena kwa faida.

Asili yake ni trela la kukokotwa na gari, lililotumiwa na watalii katika miaka ya 1920. Mdororo Mkuu wa Uchumi, na kisha Vita vya Pili vya Dunia, viliwageuza wasafiri kuwa wakazi. Serikali yenyewe ilinunua maelfu ya matrela ili kuwapa makazi wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Mwaka 1954, Elmer Frey wa Wisconsin alileta sokoni nyumba yenye upana wa futi 10 badala ya 8. Chombo cha safari kikawa makazi, ila sheria iliendelea kukitazama kama chombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vilitoa zaidi ya nyumba 500,000 kwa mwaka. Viwango vya kitaifa vya ujenzi na usalama vilianza kutumika Juni 1976.

Wakazi wengi waliweka nyumba zao katika viwanja vya kupanga. Kuta na paa ni mali yao. Ardhi ni ya mwingine, nao humlipa kodi kila mwezi. Mtu anapopoteza kazi au kulazimika kuhama, hugundua kwamba nyumba "ya kuhamishika" haihamishiki: kuisafirisha hugharimu maelfu ya dola, na viwanja vingi havipokei nyumba za zamani. Ndipo hutokea mnunuzi mwenye fedha taslimu. Lonnie Scruggs, aliyeieneza mbinu hii kwa kitabu chake *Deals on Wheels*, alifundisha kununua kwa bei ya chini, kisha kuuza kwa malipo ya awamu yenye riba kubwa.

Ni kweli kwamba mnunuzi wa mwisho hupata makazi ambayo benki isingemkopesha kuyapata. Lakini sehemu kubwa ya faida haitokani na rangi mpya wala sakafu iliyozibwa. Hutokana na dharura ya anayeuza na unyonge wa anayenunua, na vyote viwili vimetengenezwa na sheria iliyoitenga nyumba na ardhi yake.

Mitaji mikubwa nayo iliifuata faida hiyo. Mwaka 2003, Berkshire Hathaway ya Warren Buffett iliinunua Clayton Homes kwa dola bilioni 1.7. Njia nyingine ilikwisha kuonekana New Hampshire mwaka 1984, wakazi walipoungana katika ushirika na kukinunua kiwanja chenyewe.

Msomaji wa Mombasa hatalishangaa jambo hili. Huko, kwa vizazi vingi, watu wamejenga, wameuza na wamerithisha nyumba zilizosimama juu ya ardhi ya wengine, wakilipa kodi ya kiwanja na kuishi kwa hofu ya ilani ya kuondoka. Kwa hiyo mpango wowote wa "makazi nafuu" unapoletwa mezani, watumishi wa umma wasiulize bei ya nyumba pekee. Waulize pia hati ya ardhi itaandikwa jina la nani.