Kope la Chini Limeshuka? Hii Ndio Kazi ya Fila, na Noma Yake

Simama mbele ya kioo, angalia mbele bila kukaza uso. Kawaida kope la chini hukaa pale pale kwa ukingo wa ile duara nyeusi au kahawia ya jicho. Ukiona weupe kati ya duara na kope, basi kope limevutika chini. Kuna wasee wamezaliwa hivyo na wako fiti. Lakini kama imeanza juzi tu, usisingizie usingizi.

Mara nyingi chanzo ni oparesheni ya kutoa mifuko chini ya macho, uso kupooza upande mmoja, ama ugonjwa wa Graves unaotokana na tezi ya shingo. Na si stori ya urembo pekee. Jicho halifungi vizuri, linakauka, linachoma, linatoa machozi ovyo. Ukilala linabaki wazi kidogo, na konea, ile sehemu ya mbele inayong'aa kama kioo, inaweza kupata vidonda.

Matibabu yaliyozoeleka ni kisu. Wakati mwingine daktari anatoa kipande cha ngozi juu ndani ya mdomo, anakishonea ndani ya kope kulisukuma juu. Maze, hata kusoma tu inauma. Mwaka 2007 Robert Goldberg na wenzake wa UCLA, Marekani, walichapisha matokeo ya njia ingine: kudunga jeli ya asidi ya haialuroniki, ile ile watu wanajazia midomo. Jeli inaingizwa kidogo kidogo, inatanua tishu zilizokaza na kushikilia kope kutoka chini kama mto. Unaenda home siku hiyo hiyo.

Haikai milele. Inashikilia miezi kadhaa, wengine hata zaidi ya mwaka. Usipopenda matokeo, kuna kimeng'enya cha haialuronidesi cha kuiyeyusha. Fila za kalsiamu hazitoki hivyo, so uliza ni gani unadungwa. Na kama kovu ni kubwa ama ngozi ilikatwa sana, kisu bado kitahitajika. Kabla ya yote, pimwa damu uone kama tezi iko sawa.

Sasa noma yenyewe. Ngozi ya hapo ni nyembamba, kwa hivyo uvimbe, vinundu na rangi ya bluu huonekana haraka. Hayo unaweza kuvumilia. Mbaya zaidi ni jeli kuingia kwa mshipa wa damu na kufika ule unaolisha retina. Ni nadra, lakini jicho linaweza kupofuka kwa dakika chache, na mara nyingi halirudi. Ndio maana ofa za saluni hunikasirisha. Hii ni kazi ya daktari wa macho aliyesomea upasuaji wa kope, na jina lake unaweza kulitafuta kwa rejista ya KMPDC mtandaoni kabla hujalipa deposit.

Ukidungwa kisha uone giza, maumivu makali ama ngozi igeuke nyeupe ghafla, mwambie daktari hapo hapo, usingoje ufike kwa keja.