Unataka kuvua besi Naivasha? Anza na mshipi, rili iwe ya mwisho

Wengi wanaoanza uvuvi wa burudani hupiga hesabu kinyume. Wanaona rili inayong'aa mtandaoni, wanaipenda, wanatafuta fimbo ya kuibeba, halafu mshipi wanachukua wowote uliobaki kwenye rafu. Besi wa kwanza akishika chambo anakimbilia kwenye mafunjo, mshipi unakatika pap! Samaki ameenda na ndoana mdomoni.

Kumbe kile kitu cha bei ya chini kabisa ndicho kilichoamua kila kitu.

Mshipi hapa ni ule uzi wa kuvulia, si wa kiunoni. Ndio pekee unaomuunganisha mvuvi na samaki. Kwa hivyo mpangilio wa kununua unafaa uwe hivi: angalia kwanza unavulia wapi, chagua mshipi unaofaa pale, tafuta fimbo inayolingana na mshipi huo, kisha rili inayolingana na fimbo.

Besi wa Naivasha anakaa wapi?

Besi mdomo-mkubwa si samaki wa asili wa Afrika. Alitoka Amerika Kaskazini na kuwekwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Ziwa hili liko takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, maji yake hayana chumvi, na mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa asili ya Louisiana ambao besi wakubwa huwala sana.

Besi si samaki wa kuzurura katikati ya ziwa. Ni mviziaji. Anajibanza kando ya mafunjo, chini ya magugu maji, au kwenye miti iliyokufa ikiwa imesimama majini baada ya ziwa kupanda. Anangoja chakula kipite, anakimeza, kisha anarudi alikotoka. Hapo ndipo mishipi hukatikia.

Uzito wake pekee si tatizo. Besi mkubwa zaidi aliyewahi kurekodiwa duniani, yule wa Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, alikuwa na kilo 10.12. Rekodi hiyo ilitoshana na ile ya George Perry wa jimbo la Georgia, Marekani, iliyodumu tangu 1932. Wengi wa Naivasha hawafiki hata robo ya hapo. Kinachokata mshipi ni matawi, mizizi na mabua, si kilo za samaki.

Mshipi upi basi?

Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Wa kwanza ni nailoni ya kawaida, uzi mmoja unaopitisha mwanga. Ni rahisi kufunga, bei yake haiumi, na unanyumbuka. Kunyumbuka huko kunasaidia samaki akiruka ghafla, lakini kunakupunguzia hisia: chambo kikiguswa mita 25 mbele, mkono unapata habari kwa kuchelewa. Jua pia huuchosha. Nailoni iliyokaa kwenye rili msimu mzima ni ya kubadilisha, hata kama bado inaonekana mpya.

Wa pili ni florokaboni. Huzama haraka kuliko nailoni, haukwaruziki kwa urahisi, na majini hauonekani sana. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo huufanya uuzwe ghali. Lakini maji ya Naivasha mara nyingi ni ya tope, hasa tangu samaki aina ya karpu waingie ziwani miaka ya 2000 na kuanza kufukua chini. Kujaza rili nzima kwa mshipi usioonekana, kwenye maji ambayo samaki mwenyewe haoni mbali, ni kutupa pesa.

Wa tatu ni mshipi wa kusuka, nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Huu haunyumbuki karibu kabisa na ni mwembamba ajabu kwa nguvu zake. Wa pauni 20 una unene unaokaribia nailoni ya pauni 6. Pauni moja ni kama gramu 450, kwa hivyo hapo tunazungumzia uzi wa kubeba kilo 9 ukiwa mwembamba kuliko unavyodhani.

Kwa mtu anayenunua vifaa vya kwanza vya Naivasha, mshipi wa kusuka wa pauni 20 hadi 30 ndio chaguo la busara. Mbele yake unga kipande cha florokaboni au nailoni cha pauni 15, urefu wa mita moja hivi. Kipande hicho ndicho kitakachosuguana na mabua, kwa sababu mshipi wa kusuka ukikwaruzwa chini ya mvutano hukatika upesi. Florokaboni ukiinunua kwa kazi hii ndogo, bobini moja itakukalia muda mrefu.

Ila una tabia zake. Ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini ya rili iliyo laini, utateleza na kuzunguka wote kama pete iliyolegea kidoleni. Anza na mizunguko michache ya nailoni, kisha unga wa kusuka juu yake. Na usiuzungushe mkononi kuuvuta ukinasa. Unakata nyama. Tumia kijiti.

Fundo nalo ni sehemu ya mshipi. La Palomar linashika vizuri na halina ugumu: kunja mshipi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kukaza, pitisha ndoana yote ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kisha kaza. Kulowesha si mbwembwe. Fundo kavu likikazwa hupata joto la msuguano na kudhoofika, na florokaboni ndiyo huumia zaidi.

Soma maandishi ya fimbo kabla ya kulipa

Juu kidogo ya mpini, fimbo nyingi zina maandishi madogo ambayo wanunuzi huyaruka. Ndiyo muhimu kuliko jina la kampuni.

Herufi zinaeleza ugumu: ML ni nyepesi kiasi, M ya wastani, MH imekaza zaidi, H ni ngumu. Neno "Fast" linamaanisha fimbo inapindia karibu na ncha na kurudi haraka, "Moderate" inapindia hadi katikati. Kwa besi wa kwenye mafunjo, M au MH yenye "Fast" inafaa, kwa sababu unahitaji kuisukuma ndoana iingie na papo hapo kumgeuza samaki kabla hajajificha.

Kisha kuna tarakimu za mshipi na za chambo. Fimbo ikiandikwa chambo 1/4 hadi 5/8 oz, maana yake imetengenezwa kurusha uzito wa takriban gramu 7 hadi 18. Chambo cha gramu 3 hakitaipinda, kwa hivyo hakitafika popote. Cha gramu 40 kinaweza kuivunja. Pima chambo chako kwanza, ndiyo uchague fimbo.

Tarakimu za mshipi kwa kawaida zinahusu nailoni. Mshipi wa kusuka wenye pauni nyingi zaidi utapita, lakini sasa fimbo ndiyo itakayokuwa dhaifu kuliko uzi. Ukinasa kwenye mti, usiikunje fimbo kwa nguvu. Ielekeze sawasawa na mshipi na uvute nyuma bila kuipinda.

Urefu? Futi 6 na inchi 6 hadi futi 7, yaani karibu mita 2 hadi 2.13. Fupi zaidi haitakusaidia kumuinua samaki juu ya magugu. Ndefu zaidi inasumbua kwenye boti yenye watu wanne.

Na ile fimbo ya rafiki anayekwenda Watamu kuvua sulisuli? Mwachie. Imetengenezwa kwa samaki wengine kabisa, na chambo cha besi hutakihisi.

Anayenunua mtumba awe na pamba mfukoni. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakukatia mshipi mpya siku ya kwanza.

Rili: ya kuning'inia au ya kukaa juu?

Rili ya kuning'inia hukaa chini ya fimbo. Bobini yake haizunguki unaporusha, mshipi unachomoka tu. Hii ndiyo ya kuanzia, saizi ya 2500 au 3000, na inarusha vyambo vyepesi bila matata.

Rili ya kukaa juu ina bobini inayozunguka chambo kinaporuka. Ina nguvu na shabaha, na ndiyo wazoefu hutumia kwenye magugu mazito pamoja na mshipi wa kusuka wa pauni 50. Lakini bobini ikizunguka kasi kuliko chambo, mshipi unajisokota kama kiota cha mnana, na utakaa nusu saa ukifumua. Naivasha upepo huamka mchana, na kurusha dhidi ya upepo ndiko huleta balaa hilo. Inaweza kungoja mwaka wa pili.

Fimbo za rili hizi mbili si moja. Ya kuning'inia inataka fimbo yenye pete ya kwanza kubwa upande wa chini. Usikubali muuzaji akuambie zinabadilishana.

Usihesabu sana idadi ya beringi zilizoandikwa kwenye boksi. Kagua breki, ile inayoruhusu mshipi utoke samaki akivuta. Shika mshipi dukani na uvute: unafaa kutoka laini, bila kushtuka-shtuka. Nyumbani, funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza na uvute ukikaza breki hadi ianze kuachia kwenye robo hivi ya nguvu ya kipande dhaifu zaidi. Kwa kipande cha pauni 15, hiyo ni karibu kilo 1.7. Wengi hukaza kwa kukisia, na huko ndiko ndoana nyingi huachwa.

Jaza bobini ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Ukizidisha, mizunguko inaporomoka yenyewe. Ukipunguza, haufiki mbali.

Kabla ya kutupa mshipi majini

Uvuvi wa burudani nchini Kenya unahitaji leseni, kwa hivyo uliza ofisi ya uvuvi kabla ya kufunga safari. Ufukweni kuna viboko, na mafunjo yale yale anayojificha besi ndiyo wanayopitia. Vulia kwenye boti na mtu anayelijua ziwa, na usiingie majini kufuata chambo kilichonasa, hata kiwe cha bei gani.

Vipande vya mshipi vilivyokatwa visiachwe hapo. Furukombe na ndege wengine wa ziwani hujinasa miguu. Vikate vifupi-vifupi, vitie kwenye chupa, urudi navyo nyumbani.